Kulungu wa Mpakani na Magazini Tatu za Merle

Ardith Vroman alikuwa na miaka sabini na mitatu, magoti mawili ya bandia, na jicho la kulia ambalo lingeweza kumdungua nzi sikioni mwa ng'ombe bila ng'ombe kuacha kucheua. Hilo la nzi alilisema mwenyewe, lakini hakuna aliyethubutu kumbishia, maana kila Jumapili akitoka kanisani alikwenda uwanja wa shabaha, akawachapa wanaume wote, kisha akawagawia biskuti za karanga ili wasilie.

Alizaliwa kwenye shamba la kilimani, kule kusini kabisa mwa jimbo la New York, ambako ukitema mate upepo ukiwa mzuri yanaangukia Pennsylvania. Miaka thelathini na mmoja alipika jikoni kwenye shule ya kijiji. Watu wazima wenye vitambi na wajukuu bado walimwogopa, kwa sababu alimkumbuka kila mmoja wao alivyokuwa akificha mbaazi mfukoni. Mumewe, Merle, alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu mrefu, mpole, asiyeweza kuongea chakula kikiwa mezani. Ndiye aliyemfundisha kupiga bastola. Merle alipofariki, Ardith alilia wiki mbili, wiki ya tatu akaenda uwanjani, akatoboa duara la katikati mpaka karatasi ikabaki pembe nne.

Kisha ikaja ile sheria kutoka mji mkuu wa jimbo. Magazini, hicho kibweta cha risasi kinachoingia kwenye bunduki, isipokee zaidi ya risasi kumi. Aliye na kubwa kuliko hiyo alipewa mwaka mmoja: aitoe nje ya jimbo, aisalimishe polisi, au ampelekee fundi aizibe ipokee kumi tu.

Wanaume wa uwanjani walianza kuzamisha mashua. Ukimwuliza mtu, "Zile magazini zako za thelathini ziko wapi?" anavua kofia, anaiweka kifuani na kusema, "Ajali, Ardith. Mashua ilipinduka. Zote ziko chini ya ziwa." Ziwa lenyewe lilikuwa limeganda tangu Novemba, malori yanapita juu yake. Na Cletus, aliyedai mashua yake imezama mara mbili, hakuwahi kumiliki hata beseni.

Waliotii nao, na hata hao waliozamisha, uwanjani walikuwa kichekesho. Walizoea kumwaga risasi kama mvua ya mawe bila kujua ngapi zimetoka. Sasa ilibidi wahesabu. Wakasimama mstari mmoja, midomo ikichezacheza kama ya watoto wa chekechea, saba, nane, tisa, na bado ya kumi ikiisha utawasikia wanavuta tu: tik, tik, tik.

"Hiyo ni ya ngapi, Cletus?" Ardith aliuliza kutoka nyuma.

"Ya kumi na tatu, bibi!"

"Basi umeipiga kwa imani."

Alicheka nao, akanunua magazini mbili ndogo za kumi, akazizoea kwa siku moja. Kwake kumi zilitosha. Karatasi haina moyo wa kungoja ya kumi na moja. Tatizo lake lilikuwa zile tatu za zamani, za risasi kumi na tano, alizokuja nazo Merle pamoja na bastola siku walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Kwenye kitako cha kila moja Merle alikuwa ameandika neno kwa rangi nyekundu ya kucha, aliyoiiba kwenye mkoba wa mkewe. Ya kwanza: PUMUA. Ya pili: TARATIBU. Ya tatu: NINA NJAA. Ndiyo ilivyokuwa saa yao. Ardith akifika ya tatu, anajua mume anataka chakula cha mchana, wanakusanya vitu na kwenda nyumbani.

Mwaka ule ukapita mbio. Zikabaki siku tano, ndipo akampelekea Burdette Sprague, fundi bunduki, aliyekuwa ameziba magazini nyingi mpaka vidole vyake vinanata kwenye kikombe cha kahawa.

"Kazi ya dakika ishirini, Ardith. Naingiza kizuizi ndani, natoboa kitako, napiga ribiti, namalizia na gundi. Hata shetani hafungui."

"Na maandishi?"

"Maandishi gani?" Burdette akavaa miwani, akageuza ya tatu. "Nina... njaa?" Burdette alikuwa mtu wa kutania hata mazishini, lakini siku hiyo alipangusa pua kwa kiganja chenye gundi, na kiganja kikachelewa kutoka. "Chukua, dada. Siwezi kumtoboa Merle."

"Sasa nifanye nini? Siwezi kuwapelekea polisi wamsage."

"Nje ya jimbo una mtu?"

"Ninaye."

"Si yule..."

"Ndiye yule."

Burdette akapiga mluzi mrefu, akamfungulia mlango.

Yule alikuwa Noreen, mdogo wake wa damu. Shamba la baba yao lilikatwa katikati na mpaka wa majimbo. Baba alipokufa, Ardith akapata nusu ya New York, Noreen nusu ya Pennsylvania, na kati yao ukuta wa mawe unaofika kifuani. Walikunywa kahawa pamoja kila asubuhi kwa miaka mingi, mpaka alipokuja kulungu.

Kulungu huyo alikuwa na pembe zenye matawi kumi na mawili. Hiyo ni hesabu ya Ardith. Noreen alihesabu kumi na manne, na kanisani watu walisema ndege walikuwa wametaga humo. Alisimama juu ya ukuta palipobomoka, kichwa kiko New York, matako yako Pennsylvania, kama anayefikiria ahamie wapi. Ardith alikuwa na kibali cha kuwinda upande wake, Noreen upande wake. Milio ikawa miwili kwa pamoja. Tundu likawa moja, shingoni.

"Wangu!" alisema Ardith.

"Wako nini? Wewe umepiga mti!"

Kichwa kiliangukia New York, kwa hiyo Ardith alikichukua, akampelekea fundi wa kuwajaza pamba wanyama waliokufa, akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Noreen alipata mapaja. Mapaja yaliliwa yakaisha, kichwa kikabaki. Kwa miaka tisa hawakusemezana, ingawa kila mmoja alijua mwenziwe ameamka saa ngapi kwa kuangalia moshi wa bomba lake.

Siku ile Ardith aliporudi kutoka kwa Burdette alinyanyua simu.

"Haloo," ikasema sauti.

"Noreen, ni mimi."

"Umekosea namba."

"Noreen, nakujua sauti."

"Noreen amefariki."

"Lini?"

"Siku ulipomwibia kulungu." Ikakatwa.

Ardith alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Simu ikaita mpaka ikachoka. Asubuhi ya mwisho kabla ya sheria kuanza kuuma, alikunywa kahawa huku akimtazama kulungu, na kulungu akamtazama kwa macho yake ya kioo. Zile magazini zilikuwa mezani, maneno juu. Akavuta kiti, akapanda na magoti yake ya bandia, akamteremsha kulungu ukutani.

Kichwa kilikuwa kizito kuliko alivyokumbuka. Akakifunga kwenye kibao cha kutelezea theluji alichoachiwa na wajukuu, magazini akazitia kwenye mfuko wa kitambaa alioushona wakati wa Krismasi, akaanza kukivuta kupandisha kilima. Theluji ilimfika mapajani. Wanaosimulia husema alipumzika mara arobaini na saba, na kila akipumzika alimtukana Noreen mara moja, kwa hiyo alipofika ukutani matusi yalikuwa yamekwisha na moyo ulikuwa mweupe. Akakisukuma kichwa juu ya ukuta, kikakaa vizuri, kikielekea jikoni kwa Noreen. Kisha akagundua mfuko haupo. Ulikuwa umedondoka kule bondeni, karibu na mtufaha. Akashuka kuufuata.

Noreen naye alikuwa anaosha vyombo. Akainua macho dirishani, na nani anamchungulia juu ya ukuta? Yeye! Pembe zile zile, shingo ile ile, pua ile ile ya dharau. Noreen hakujiuliza kama kulungu hufufuka. Alitoka na gauni la kulalia, mabuti ya mpira na kofia ya rangi ya chungwa, akaegemeza bunduki kwenye nguzo ya baraza, akapiga.

Risasi ya Pennsylvania ikalitoboa sikio la kulungu, ikapotea juu kabisa ya miti ya New York. Kule bondeni Ardith akajitupa kifudifudi kwenye theluji.

"Noreen Decker!" akafoka. "Unampiga nani?"

"Nani hapo?"

"Dada yako, mwehu wewe!"

Noreen akaiweka bunduki chini, akakimbia mpaka ukutani huku gauni likipepea. Akamkuta kulungu wima, ametulia, na kwenye tundu la sikio pamba nyeupe inachungulia.

"Ardith," akasema taratibu, "huyu kulungu anatoka pamba."

"Ana umri huyo. Hata mimi ukinipiga leo vitatoka vidonge." Ardith alikuwa anapanda akihema, mfuko mkononi, theluji mpaka kwenye nyusi. "Na msimu umeshafungwa, mdogo wangu."

Noreen akageuka rangi. "Usimwambie afande wa wanyamapori."

"Nimwambie nini? Kwamba umemuua kulungu aliyekufa miaka tisa iliyopita?"

Noreen akataka kununa. Alijitahidi kweli, alikunja uso, akabana midomo. Lakini upepo ukaja, ukavuta pamba sikioni kwa kulungu, ukaipachika puani kwa Noreen, na mambo yakaharibika. Walicheka wakashikana kwa kuupitia ukuta, kila mtu katika jimbo lake, mpaka Ardith akalalamika kwamba goti la kushoto linataka kutoka.

"Umemleta wa nini?" Noreen akauliza, akijifuta macho.

Ardith akampa mfuko. Noreen akafungua, akatoa magazini moja moja, akasoma vitako. Ya tatu hakuirudisha mfukoni. Merle alikuwa akimwachia chupa ya maziwa mlangoni kila Ijumaa, hata baada ya ugomvi, na hakuwahi kuomba ruhusa kwa mkewe.

"Kuanzia kesho siruhusiwi kuwa nazo," Ardith akasema. "Burdette hawezi kuzitoboa. Wewe ndiye mtu wangu pekee ng'ambo. Zitakuwa zako, si zangu, sitadai."

"Tundu la sikio ni langu," akasema Noreen. "Hilo halina ubishi."

"Ni lako."

"Na la shingoni?"

Ardith akafungua mdomo. Lile neno "wangu" lilikuwa pale pale ulimini, alikuwa amelisema miaka tisa bila kulichoka. Akatazama mkono wa mdogo wake, ulivyokuwa umeifunika NINA NJAA isilowe theluji.

"Merle alisema ni lako," akasema. "Alisema risasi iliingilia upande wenu."

"Alisema lini?"

"Siku ile ile."

"Na wewe ukanyamaza miaka tisa?"

"Merle alikuwa na macho mabovu."

"Merle alikuwa mtu wa haki!" Noreen akasema, akamkumbatia kulungu kwa shingo kama mtoto aliyerudi kutoka vitani. Mpaka leo Ardith hajasema kama kweli Merle alitamka maneno hayo. Ukimwuliza anakupa biskuti.

Wakapatana hapo hapo. Magazini zikawa za Noreen, kwa karatasi waliyoisaini kwenye meza ya jikoni. Kulungu atakaa miezi sita Pennsylvania na miezi sita New York, na sikio lake lisishonwe.

Jumapili iliyofuata Ardith alizunguka kwa barabara, bastola imefungiwa sandukuni kama sheria inavyotaka. Nyuma ya ghala la Noreen kulikuwa na shimo la kuchimbia mawe. Wakapanga makopo kumi na matano ya maharage juu ya gogo. Noreen alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akawa anampa dada yake magazini moja moja, akisoma kwa sauti kama kasisi.

"Pumua."

Makopo yakaruka. Wakayapanga tena.

"Taratibu."

Yakaruka tena, isipokuwa moja, ambalo Ardith alidai lilikuwa limeinama. Noreen akamwambia hata kopo limemwonea huruma. Wakabishana hilo kopo robo saa nzima kwa raha zao.

Kisha Noreen akachukua ya tatu. Akaigeuza, akaisoma kimya, akaitazama bila kuitoa mkononi. Akainuka kwenye ndoo, akakung'uta theluji matakoni, akaitia magazini mfukoni mwa koti lake.

"Umesikia, Ardith? Mtu ana njaa," akasema. "Nyama iko jikoni, na viazi. Kusanya vitu, twende."