Banki moja, juma moja, mudogo wangu wakamupa intérêt ya chini, mimi ya juu

Admin, jina yangu ificheni, juu Bukavu yote wananijua. Niko na miaka makumi tano na tatu, ni papa wa watoto sita, ninauza mbao. Nusu ya manyumba ya Muhumba inasimama juu ya mbao yangu. Siku moja nilibeba muti muzima peke yangu toka Nyantende, wanajeshi wa barrière wakanipigia salut.

Mwenye kiwanja ya dépôt yangu anataka loyer, kodi ya mwaka muzima, mbele mwezi uishe, ao ananifukuza. Nikaomba crédit ku banki. Mudogo wangu, mutu wa ONG, shirika ya misaada, naye akaomba yake. Mimi mukubwa, wakaniandikia intérêt, ile riba ya deni, mara mbili ya yake. Na feza yangu yenye kulala mule miaka yote, faida yake haitoshe kununua samaki ndogo za sambaza ya siku moja.

Nikaenda kuuliza. Maman wa crédit akanijibu polepole:

"Tonton, mushahara ya mudogo wako inapitia kwetu, tunajikatia. Wewe ukikataa kulipa, kesi ku tribunal itatuzungusha miaka. Shamba yenye uliweka rehani haina certificat ya serikali, iko na karatasi ya chef tu. Hasara ya wenye hawalipe, mafuta ya mazout ya générateur, walinzi, vyote vinatoka katikati ya faida tunakupa ku feza yako na ile tunakuomba ku crédit."

"Nitaenda banki ingine."

"Nenda, tonton. Tuko wachache, bei ni moja."

Akaangalia ordinateur. "Tena ulisaini avaliseur, mudhamini wa deni ya watu wane. Watatu walikimbilia zahabu kule Shabunda, na wewe haukuwalipia."

Kweli nilisaini. Mutu akiniambia mu bistro, "Grand, bila wewe banki hainiamini," mukono yangu haikatalake.

Sasa mudogo amekuja nyumbani. "Yaya, wacha ile yao. Nitakukamatia crédit kwa jina yangu, utanirudishia kwa ile intérêt yangu ya chini." Bibi yangu akasema, "Angalia mwanaume mwenye akili." Huyu mutoto, ni mimi nilimufundisha kufunga viatu.

Wandugu, niseme ukweli. Dimanche mu kanisa niliomba Mungu ONG yake ifunge. Nilipofika amina nikakumbuka: ikifunga, intérêt yake ya chini inakufa, na dépôt yangu nayo inaenda.

Munishauri. Nikamate hii feza ya mudogo, ao niache? Anangojea jibu kesho.