Mimi, Kulwa na Nyota Zilizokaribiana

Harufu ya tumbaku inayokaushwa ni kama asali iliyoungua kidogo, na msimu ule huko Ushetu iliingia hata kwenye uji. Tukitoka shule, mimi na pacha wangu Kulwa tulichochea moto wa bani, ile nyumba ya kukaushia majani. Tuligombana kila siku. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini sisi wasichana wawili tulizidi vikombe. Jioni moja tukashindana nani anajua kuchochea. Kila mmoja akasukuma gogo lake, moto ukapanda, tumbaku ikababuka. Kusema haki, Baba hakutupiga. Alikaa tu akiyafikicha yale majani.

Wiki ileile mwalimu wa sayansi alikuwa ametueleza habari za nyota pacha. Jua letu, alisema, liko peke yake, linajizungusha polepole. Lakini nyota mbili zikikaribiana sana, mvuto wa kila moja huilazimisha nyingine ijizungushe kwa kasi, na kasi hiyo huchochea nguvu ya sumaku. Madoa meusi huongezeka, na milipuko pia. Sidhani kama nilielewa yote. Niliona tu kwamba yanatosha kututetea.

“Baba, si kosa letu,” nikasema. “Hata nyota ziko hivyo. Zikikaribiana zinachafuka, zinalipuka.”

“Na zikiwa mbalimbali?”

“Zinatulia.”

Kulwa akanikanyaga mguu. “Mtaalamu, nyamaza.”

Baba alifikiri kidogo. “Ng’wanawane, mwanangu, umesema neno. Basi Kulwa atakwenda kukaa kwa shangazi yenu, kule Nyasubi, mjini Kahama.”

Mdomo huponza kichwa, ila wangu uliponza cha Kulwa. Huenda Baba alikuwa ameshaamua kabla, hilo sitalijua. Kulwa hakulia alipofunga nguo zake kwenye kanga. Aliniuliza tu, “Doto, hukumuuliza mwalimu kama hizo nyota huwa zinaachana?” Sikuwa nimeuliza.

Siku hizi tunakutana Kahama, mara nyingi misibani. Ananipa kiti, ananiuliza habari za watoto, ananiita dada kama anavyomwita jirani yeyote. Hatupandishiani sauti. Watu husifu, “Mapacha wapole hawa,” nami huinamisha uso kwa aibu. Natamani anitukane hata kidogo, nimjibu, tuchafuke. Lakini sijui nimwanzeje.