Mashine Mbili Dukani Kilindoni

Miaka ile hifadhi ya bahari ilipokwisha kuzoeleka, nilifanya kazi Utende, kisiwani kwetu, katika ofisi ndogo ya chama cha wavuvi na wakulima wa mwani. Tulitunza kumbukumbu za samaki walioshushwa. Mwandishi wa kumbukumbu hizo alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Kanga, mtu wa makini sana. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta, maana hapakuwa na mwingine.

Siku moja umeme ulikatika, uliporudi ukaunguza kompyuta yetu. Kumbukumbu za mwaka mzima zikapotea. Mama yule hakunilaumu. Aliazima kompyuta, akafungua madaftari yake, akaanza kuchapa upya. Kila nikimsikia akigonga nilijisikia vibaya, kwani kuweka nakala ilikuwa kazi yangu.

Nikaamua tupate seva, kompyuta ya kutunzia kumbukumbu, yenye diski mbili, kila moja ikibeba nakala ileile, na itumie programu huria, zile zisizohitaji leseni ya kununua. Nikampigia simu mwalimu wangu wa zamani.

"Programu hizo hazielewani na kila kifaa," akaniambia. "Nenda na flashi yenye mfumo wa programu hizo, uwashie mashine hukohuko dukani kabla hujaibeba."

Mama yule akasema na yeye anakwenda.

Mwenye duka la kompyuta Kilindoni, mzee wa Kihindi aliyenijua tangu nasoma, alikuwa ameniagizia mashine mpya kutoka Dar es Salaam. Nilimwamkia, akaitikia, akaitoa ingali na plastiki yake. Nikachomeka flashi. Kioo kiliwaka, lakini diski haikuonekana, wala kadi ya mtandao.

"Mbovu?" mama akauliza.

"Si mbovu. Programu zetu haziitambui."

"Hii imetoka juzi tu," mzee akasema, ameudhika kidogo.

"Ndiyo shida yenyewe, mzee. Ni mpya mno, programu hizi bado hazijaijua."

Akaanza kuirudishia plastiki yake. Nami niliona haya, maana mimi ndiye niliyemwambia alete mpya kuliko zote, bila kuuliza kwanza.

Mama akaelekeza kidole kwenye kompyuta ya kijivu mezani, ambayo mzee alichapia watu barua. "Na ile je?"

"Hiyo kuukuu," mzee akasema.

"Tuijaribu, kama hutojali."

Mzee akasogeza kiti. Nikachomeka flashi ileile. Diski ikaonekana, mtandao ukaonekana, hata printa yake ikatambulika. Ndani kulikuwa na nafasi ya diski ya pili. Mzee aliangalia kioo, kisha ile mpya.

"Mimi natumia programu za kawaida za kununua," akasema. "Hiyo mpya itanifaa. Chukueni hii."

Tuliifunga ofisini mbali na dirisha, chumvi ya upepo wa bahari isiifikie, tukaiongezea diski ya pili na betri ya akiba. Mama alipomaliza kuchapa, nilizima mashine, nikatoa diski moja, nikawasha tena. Kazi yake ilikuwapo yote. Alisoma kurasa tatu taratibu.

"Na nyumba hii ya ofisi ikiungua?" akauliza.

"Diski zote mbili zitaungua," nikasema.

"Basi nipe nakala nyingine niende nayo nyumbani."

Tangu hapo kila Ijumaa, kabla ya swala, nilimpa nakala ya wiki kwenye flashi, naye akaifunga kwenye pindo la leso yake. Mashine ile ilitutumikia miaka sita. Mama alistaafu kabla ya mashine hiyo.