Epifania Alikataa Kutia Saini

Mama Flavia, mpishi mkuu wa shule moja ya bweni huko Kibosho, alisema mara tatu kwamba stoo ya unga inanuka gesi. Mara ya kwanza akaambiwa ni panya aliyekufa. Mara ya pili akaja fundi na povu la sabuni, akapaka viungio vyote vya tangi nyuma ya jiko, asione hata kiputo. Mara ya tatu Bwana Rogath, meneja wa shule, alimwambia apumzike, huenda ni umri. Mama Flavia akashuka Moshi mjini kwa bodaboda hadi karakana ya Eliudi, ambayo mafundi wake hukagua mitambo ya gesi, akamkuta Epifania.

Epifania alikuwa na miaka thelathini na sita. Ufundi bomba aliuanzia katika kiwanda kimoja kule tambarare. Siku mtaalamu alipoleta kamera ya joto ya kutafutia gesi inayovuja, aliwafundisha wanaume wawili, na Epifania akapewa kazi ya kubeba betri. Mmoja wa wale wanaume akahamia Dodoma, mwingine akaenda kupandisha watalii mlimani. Kamera ilipohitajika tena, msimamizi akauliza ni nani anaijua.

"Mimi," Epifania akasema.

"Wewe nani alikufundisha?"

"Alikuwa anawafundisha wao. Masikio yangu hayakuzibwa."

Baadaye Eliudi akamwajiri aitumie kamera kama hiyo. Ukaguzi wa shule ulikuwa umepangwa mwezi uliofuata. Baada ya kumsikiliza Mama Flavia, Epifania aliusogeza hadi kesho yake.

Alifika asubuhi, ukungu umefunika migomba, baridi kali. Alizimisha majiko yote, akaacha gesi ijae kwenye mabomba, kisha akazunguka jengo na kamera. Kioo chake kilionyesha ukuta wa kijivu tu. Bwana Rogath alimfuata nyuma, mikono mfukoni.

"Umeona nini, dada?"

"Sijaona kitu."

"Basi tia saini. Wanafunzi mia nne wanasubiri chakula."

"Sijaona kwa sababu ukuta ni wa baridi," Epifania akajibu. "Gesi inameza joto. Nyuma yake kukiwa na joto, inaonekana kwenye kioo kama moshi. Ukuta na gesi vikilingana ubaridi, huoni chochote. Nasubiri jua."

"Jua? Huku Kibosho, mwezi wa saba?"

Alicheka. Epifania hakucheka. Alikwenda kwenye tangi, akafunga koki kuu, akaitia kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni.

Bwana Rogath alimpigia Eliudi simu papo hapo, halafu akamkabidhi Epifania.

"Epi," Eliudi alisema kwa sauti ya kubembeleza, "hao ni wateja wetu wa miaka. Saini, utarudi wiki ijayo."

"Bosi, kama saini inatakiwa leo, panda uje uweke yako."

Akarudisha simu. Mama Flavia alitoa ndizi mbivu na uji uliobaki asubuhi, wanafunzi wakala wakinung'unika. Walimu walipita wakimtazama Epifania kama mtu aliyekuja kuvuruga msiba. Saa nne. Saa tano. Bwana Rogath alikuja mara mbili kumtaka afungue. Mara ya pili alisema atamwita mlinzi amtoe.

"Mwite," Epifania akasema. "Nitatoka na ufunguo wangu."

Ilipokaribia saa saba wingu lilipasuka. Alisubiri hadi ukuta uliposhika joto mkononi mwake, akafungua koki, akarudi nyuma hatua kumi na kuinua kamera.

"Bwana Rogath, njoo utazame."

Kwa macho ulikuwa ukuta mtupu uliopakwa rangi mpya. Kwenye kioo, juu karibu na paa ambako fundi wa sabuni hakufika, kitu kama moshi kilitoka nyuma ya rangi, kikateremka polepole na kuingia dirishani mwa stoo. Mle stoo kulikuwa na friji la nyama, ambalo mota yake hujiwasha na kujizima yenyewe; cheche moja ingetosha. Bwana Rogath alitazama ukuta, akatazama kioo, akatazama ukuta tena. Epifania alikimbia kufunga koki.

Mama Flavia alikuwa amesimama karibu. "Panya huyo," akasema.

Walipokwangua rangi walikuta bomba la gesi lililopita ukutani limeoza kwa kutu. Lilibadilishwa ndani ya siku mbili. Kisha Bwana Rogath akaomba ripoti iandikwe kwamba hitilafu ndogo iligunduliwa katika ukaguzi wa kawaida. Eliudi aliona si ombi kubwa. Epifania aliandika kwamba mpishi mkuu alitoa taarifa mara tatu na hakuaminiwa, akataja tarehe zote, na safari hii akatia saini bila kuombwa.

Mwaka uliofuata shule ilitafuta wakaguzi wengine.

"Maneno ya ripoti yako yametukosesha mteja," Eliudi akamwambia. "Ungeyalainisha kidogo tu."

"Kuna neno la uongo humo?"

Eliudi akaifungua nakala ya ripoti, akaifunga tena.

"Basi yatabaki hivyo hivyo," Epifania akasema, akaondoka kwenda kukagua jiko la hosteli moja ya watalii.