Soseji Niliyoikoleza kwa Pua

Karibu miaka mitatu nilikoleza soseji ambayo sikuwahi kuitia kinywani, na kila Jumamosi ilinunuliwa ikaisha. Nasema hivyo bila haya. Mimi ni Mpemba na Mwislamu, na soseji yenyewe ilikuwa na mafuta ya nguruwe. Ndugu zangu wangesema nini nilijua, kwa hiyo sikuwauliza.

Duka lilikuwa Turffontein, mtaa wa Johannesburg, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiafrikana tuliyemwita Oom, yaani mjomba. Kwetu watu wake tunawaita makaburu, jina ambalo humwambii mtu usoni, nami sikumwambia. Soseji yake ilikuwa boerewors, soseji ya wakulima, ndefu, imeviringwa kama kata ya kubebea ndoo kichwani. Pale kaunta sisi tuliiita vosi.

Nilipoajiriwa mwaka 2015 kazi yangu ilikuwa kuosha utumbo wa kujazia soseji. Siku ya pili Oom alifungua mkebe, nikasikia harufu ya karafuu, nikasimama kama mjinga huku maji yakimwagika. Utoto wangu wote nimechambua karafuu na kuzianika.

"Hii yetu," nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha wakati ule.

Akasema vosi ni ya babu zake, basi. Nikamuuliza babu zake walilima karafuu wapi. Na kungumanga je? Akaufunga mkebe. Baada ya wiki hivi akakiri kwamba viungo vile vilifika Cape pamoja na watumwa waliotolewa Asia, na kwamba hao ndio waliokuwa wakipika majikoni mwa babu zake. Siku hiyohiyo akanihamishia meza ya viungo. Mafuta ya nguruwe waliyachanganya wengine; mimi nilikoleza na kunusa.

Mwaka 2018 Oom akatangaza kwamba anastaafu. Binti yake alitaka duka lifungwe. Mzee akasema litabaki wazi iwapo mimi nitaweza kutengeneza vosi bila yeye. Hakuwa na kipimo kilichoandikwa. Alikuwa na kijiko kimoja cha bati na ulimi wake. Mwaka ule wateja wawili watatu walilalamikia chumvi, naye akawaambia wakale mkate. Mimi nilidhani wanadeka. Kijiko kile nilikitaka kuliko kitu chochote Johannesburg.

Jaribio langu lilikuwa Septemba, wiki ya sikukuu ya urithi, wakati nchi nzima inachoma nyama. Oom akabaki nyumbani. Nikaona vosi yangu itiwe karafuu ya kwetu, mfuko niliotumiwa kutoka Pemba, mavuno ya mwaka uleule. Nikatumia kijiko kilekile, kipimo kilekile. Hapo ndipo kiburi kiliponiponza. Karafuu ya Oom ilikuwa imechoka mkebeni. Ya kwetu ilikuwa na mafuta yake yote.

Baada ya sikukuu mwenzangu wa kaunta, Mkongomani wa Lubumbashi, akanijia mbio, akiniita yaya kama kwao wanavyomwita mkubwa.

"Yaya, bantu banarudisha vosi! Banasema ulimi inakufa ganzi, sawa kwa daktari wa meno!"

Niliona aibu, na hasira juu yangu mwenyewe. Oom aliporudi nilimweleza kabla hajaambiwa na mtu. Akachoma kipande, akatafuna, akafuta midomo.

"Pua haitoshi," akasema. "Asiyeonja anabahatisha tu."

Alisema kweli, nami nilichukia kuisikia.

"Basi tengeneza ambayo naweza kuionja."

Akasema vosi bila nguruwe si vosi. Siku tatu hatukuzungumza ila habari za utumbo. Siku ya nne akaja mwenyewe mezani kwangu. Bibi yake, akasema, aliishi kwenye nchi kame, hakufuga nguruwe. Vosi yake aliitia mafuta ya mkia wa kondoo. Alikuwa amelisahau hilo, au hakutaka kulikumbuka.

Nikanunua nyama, mafuta ya mkia na utumbo, vyote vya halali, kwa Waislamu wa Fordsburg, na mashine ndogo ya mkono ya kusagia, mpya. Jumapili tukaitengeneza uani kwake. Mimi nilisaga, kijiko alikishika yeye, akakoleza kama alivyokoleza miaka yote. Alipoiweka juu ya makaa alinikataza kuichoma uma, mafuta yasije yakakimbia. Akanikatia kipande. Nikasema Bismillahi, nikala.

Nilicheka peke yangu kwa furaha. Giligilani ilikuja kwanza, kisha siki, na karafuu ikabaki nyuma kabisa, mahali ambapo pua yangu haikuwahi kufika. Lakini kulikuwa na jambo jingine.

"Unasemaje?" Oom akauliza.

"Chumvi imezidi, Oom."

Binti yake alikuwa akipanga sahani. Akaacha. "Mwaka mzima namwambia," akasema. "Hakubali."

Oom akachukua kipande kingine, akatafuna taratibu, amefumba macho, akiitafuta chumvi. Akameza, akachukua cha tatu. Kisha akakipangusa kijiko kwa shati lake na kuniwekea kiganjani.