Jani Ndani ya Daftari la Mwalimu

Shule yetu ya misheni kule mlimani ilipokosa mwalimu wa darasa la saba, mchungaji alituandikia barua za uhamisho, kila mtu na njia yake. Mimi nikateremka mjini na sanduku la mbao kichwani, nikafikia kwa mama mdogo, Daraja Mbili. Nilikuwa na furaha isiyo na kichwa wala miguu. Jirani na kwa mama mdogo kulikuwa na shamba la kahawa la Mzungu, na karani wake mmoja kila asubuhi alikwenda kwenye chupa iliyosimikwa uwanjani, akatazama mvua ya jana imefika wapi, akaandika. Nilimwona mtu huyo amebarikiwa kuliko wote, kulipwa kwa kutazama mvua. Siku moja nilimwuliza nifanye nini niwe kama yeye. Akasema maandishi yote yale ni ya Kiingereza, nikasome Kiingereza.

Kumbe Kiingereza kilikuwa na mlango wake. Shule ya kati niliyopelekwa ilikuwa na madarasa mawili ya saba. La kwanza lilifundishwa Kiingereza kila siku, na hilo ndilo lililofanya mtihani wa kuendelea mbele. La pili lilipata Kiingereza kidogo na jembe kwa wingi. Wageni wa uhamisho tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja mrefu kutoka Terrat, ambaye kwao walikuwa na ng'ombe na mahindi. Na katika darasa la kwanza nafasi ilikuwa moja. Bwana Mkaguzi alikwisha kuweka idadi, na mwalimu wa Kiingereza hakuthubutu kuizidisha.

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa Pwani, kanzu Ijumaa na suruali iliyopigwa pasi siku nyingine, Kiswahili chake kitamu mpaka unasahau anakukemea. Siku ya Alhamisi alituambia tuje Jumamosi saa mbili kamili tusome mbele yake ukurasa mmoja mmoja wa kitabu cha Kiingereza. Jumatatu angeandika orodha. Asiyekuja asimsumbue.

Tulipotoka nje yule mwenzangu akanigonga bega. “Mtu wa migomba, Jumamosi pumzika tu. Nitakuletea maziwa kukufuta machozi.”

Nikamjibu kwamba ng'ombe wa kwao wamwandalie mahali pa kulia, maana atarudi kwao kabla yangu. Tukacheka. Lakini nilimwona akitazama kile kitabu cha kusomea kama mtu anayetazama mto uliofurika, na mimi hali yangu ilikuwa hiyo hiyo.

Ijumaa jioni nikaletewa habari kwamba baba amejikata mguu kwa panga, hawezi kukanyaga. Na kesho yake ilikuwa zamu yetu ya mfereji. Huko kwetu maji ya mfereji hugawanywa kwa asubuhi. Ukiikosa yako unangoja mpaka mzunguko urudi, na maharage yetu yalikuwa yameshaanza kujikunja. Mimi ndiye mkubwa. Nikapiga hesabu yangu ya matumaini: nitapanda mlima, nitafungua maji alfajiri, nitamwachia mdogo wangu jembe, nitakimbia.

Alfajiri maji hayakuja. Jirani wa juu alikuwa hajafunga lango lake, na ilinibidi nimfuate mpaka kwake nikamwombe kwa shikamoo nyingi kuliko miaka yake. Yalipokuja, yalikuja kwa fujo, na mdogo wangu hakuweza kuyazuia peke yake. Nilipotupa jembe jua lilikuwa limeshatoka juu ya migomba. Nilikimbia njia nzima. Nilifika shuleni mwalimu anafunga mlango kwa kufuli.

“Kijana,” akasema bila kunitazama, “saa mbili ya mlimani ndiyo saa tano ya huku?”

Nikaanza kumweleza habari za mfereji. Akasema hajawahi kusikia maji yanayosubiri mtu, akaweka funguo mfukoni akaenda zake. Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye ngazi. Aliniambia amesoma nusu ya ukurasa akakwama, na mwalimu hakusema neno, si zuri wala baya.

Nilipanda tena mlima nikiwa sina miguu. Nilimkuta bibi yangu anachambua mchicha, nikamwambia yote, nikalia, tena nililia kwa sauti. Bibi hakunibembeleza. Jumapili baada ya kanisa akaingia migombani, akakata jani la isale, akalifunga fundo moja katikati. Kwetu mtu aliyekosa akimpelekea mwenzake isale lenye fundo, yule aliyekosewa hawezi kumfukuza. Atasikiliza kwanza. Hata kisasi cha damu kimewahi kusimamishwa kwa jani hilo.

“Ila usilipeleke mwenyewe, mjukuu wangu,” akasema. “Mkosaji hapeleki. Tafuta mtu mzima.”

Mtu mzima nimtoe wapi mjini? Mama mdogo alikuwa ameshakwenda sokoni nilipoamka Jumatatu, na kwa mtu mwingine mkubwa sikuwa na mazoea. Nikafika shuleni mapema, darasani hamna mtu ila mwenzangu wa Terrat aliyekuwa anafagia, maana naye alikuwa na njia yake ya kuomba. Nikalilaza jani ndani ya daftari la mahudhurio, juu ya meza, mbele ya macho yake. Hakuuliza.

Kengele ikalia. Wanafunzi wakaketi, sisi wawili tukasimama karibu na mlango kungoja orodha, chini ya picha ya Malkia. Mwalimu akaingia, akafungua daftari, akaurudisha mkono kama aliyeguswa na moto.

Akaliona lile fundo. Halafu akauliza, taratibu, ni nani aliyemwekea dawa.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kwao fundo lina maana nyingine. Mmoja wa mstari wa mbele akasema aliyekuwa darasani kabla ya wote ni yule mrefu wa uhamisho, yeye amemkuta na ufagio. Vichwa vyote vikageuka.

“Jumamosi umeshindwa kusoma,” mwalimu akamwambia. “Ndiyo ukaona unifunge?”

Mwenzangu akasema si yeye. Mwalimu akasema achukue vitu vyake waende kwa mwalimu mkuu, na huko hakutakuwa na mazungumzo ya darasa la kwanza wala la pili, ni barua ya kurudi kwao. Yule kijana akainama akaokota mfuko wake. Alijua. Aliniona kwa macho yake nikiliweka. Hakunitaja, na hata kunitazama hakunitazama.

Nami nikanyamaza. Akitoka yeye, nafasi ingekuwa moja na mgeni mmoja. Niliiwazia ile chupa ya mvua. Mwenzangu alikwisha kuvuka kizingiti ndipo sauti ikanitoka, nyembamba kama ya mtoto wa mbuzi: “Mwalimu, ni langu.”

Akaniita mbele. Nikaanza kueleza kwa Kiswahili, akanikata. Anayetaka darasa la Kiingereza aeleze kwa Kiingereza.

Kiingereza changu kilikuwa cha mwaka mmoja na nusu. Nikasema jani hili samahani. Bibi yangu funga. Mimi Jumamosi maji, baba mguu, mimi kimbia, mlango fungwa. Darasa likaangua kicheko, wengine wakapiga madawati. Mwalimu hakucheka. Akaniuliza, kwa Kiingereza cha polepole, kwa nini nimelificha badala ya kumpa mkononi. Nikasema mtu mbaya hapeleki, mzee anapeleka. Mimi mjini hakuna mzee.

Kicheko kikapungua. Mwalimu akaniambia nilichukue jani nikaliweke nje, yeye hakutaka kuligusa bado. Niliporudi alikuwa na fimbo. Akanipa viboko viwili vya mkono.

“Hivi si vya jani,” akasema. “Ni vya kunyamaza mpaka mwenzio akafika mlangoni.”

Kisha akakaa, akachovya kalamu, akaandika jina la yule wa Terrat kwenye mstari wa mwisho wa orodha. Nikaokota sanduku langu la kalamu nielekee darasa la pili. Nilikuwa nimeshafika kizingitini aliponiita. Akawaambia watatu wa dawati la nyuma wasogee.

“Mwalimu, hapa hapasogeleki,” mmoja akalalamika. “Huyu wa katikati peke yake ni watu wawili.”

“Basi mgeni akae nusu,” akasema mwalimu.

Nikakaa nusu, viganja vinaniwaka, mguu mmoja umejikaza sakafuni nisianguke. Mwenzangu aliketi dawati la mbele yangu. Alinong'ona bila kugeuka kwamba kwao, kuomba msamaha, wangeshika nyasi mkononi, waziwazi, na mambo yangekuwa mafupi zaidi.

Mwalimu alikuwa bado amelishika daftari. Akaweka kalamu ya wino pembeni, akatafuta penseli, akaniandika chini kabisa, nje ya mistari. Kabla Bwana Mkaguzi hajafika, alisema, yeye atanifuta, nami nitachukua jembe niende bustanini mpaka gari liondoke. Muhula mzima, kila alipolifungua daftari lile, nilinyoosha shingo nione kama bado nipo.