Homa Iliyongojewa Mbuzi

Ninaowalaumu ni watatu: baba yangu mdogo, mwaguzi, na pasta. Mwaguzi alikufa. Hao wengine wawili bado wananisalimia sokoni, "Habari, mama," kama watu ambao hawajawahi kunifanyia kitu.

Nilikuwa darasa la sita homa iliponishika, na masomo yangu yakaishia hapo. Shingo ilikauka kama ubao. Mwanga wa mlangoni ulinichoma macho. Tulikaa Ngaremara, hospitali iko Isiolo mjini, na magari yalipita barabarani mchana kutwa. Lakini baba alikuwa Kipsing na mifugo, kwa hivyo mwenye sauti nyumbani alikuwa baba mdogo, naye akamwita mwaguzi. Mwaguzi akarusha ndara zake, akazisoma zilivyoanguka, akasema nitafutiwe mbuzi mweusi mwenye tumbo jeupe, achinjwe, nipakwe mwilini majani yaliyo tumboni mwake. Kwetu Waturkana hiyo ni dawa, na rangi ikishatajwa haibadilishwi. Mbuzi walikuwa wengi, ila huyo hakuonekana. Wakamtafuta boma hadi boma. Walipompata, nilikuwa sijui tena jina langu.

Sikufa. Nilikua, nikaolewa, nikazaa binti mmoja, halafu sauti zikaanza. Wanawake wawili nyuma ya ukuta, wakinisengenya kwa Kiturkana, wakicheka ninavyosonga ugali. Mume akaniacha. Pasta mmoja pale Chechelesi akasema ni mapepo. Akakataza dawa za hospitali, akanifunga mguu kwa mnyororo kwenye nguzo ya kanisa, ati hadi yatoke. Kovu bado liko juu ya kifundo.

Aliyenitoa hapo ni dada yangu. Alinipeleka kliniki ya akili, nikaanzishiwa sindano, na zile sauti zikaenda mbali. Siku moja nikamwuliza daktari, mwanamke Mmeru asiye na haraka, "Ni nani alinifanya hivi?"

"Mama, huu ugonjwa hauna mlango mmoja," akasema. "Kuna mambo ya damu ya ukoo, kuna shida za maisha. Na wanaoutafiti wanashuku maambukizi pia. Homa ikifika ubongo wa mtoto, ama mama akiugua sana akiwa na mimba. Pengine si vijidudu vyenyewe, ni kinga ya mwili inapigana navyo mpaka inaumiza ubongo."

"Kama askari aliyeitwa kumshika mwizi, akabomoa nyumba ya mwenye mali."

Alicheka. "Hivyo hivyo. Lakini sijasema homa yako ndiyo ilifanya. Wengi hupata homa na hakuna kitu kinafuata. Ni mshukiwa tu."

"Na mshukiwa hashikwi?"

"Huyu anatibiwa mapema. Basi."

Sikuridhika. Mimi nilitaka jina. Lakini hilo neno la mapema nililibeba.

Mwaka juzi nilienda kumwona binti yangu kwa mama mkwe wake, Ngaremara. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana. Nilimkuta amelala kwenye ngozi, anatetemeka na jua linawaka. Mume wake alikuwa Kipsing na mifugo. Mama mkwe alikuwa ameketi kando na simu, anaangalia picha za mbuzi; mwaguzi mwingine alikuwa ametaja rangi ile ile.

"Huyu ana doa mgongoni, hafai," alikuwa akisema. "Waambie watume mwingine."

"Mkwe wangu, huyu mtoto aende hospitali sasa."

"Tulia, mama. Mbuzi anakuja. Na mume wake hajasema aende."

"Homa kali inaweza kumdhuru aliye tumboni, hata kichwa chake. Daktari aliniambia."

Shemeji ya binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka. "Ameanza! Leo ukuta umekuambia nini?"

Hicho ndicho ugonjwa huu ulichoninyang'anya. Sauti zilinyamaza, lakini hata nikisema jua limetoka, mtu huchungulia nje kwanza.

Sikupiga kelele. Ningepiga, wangesema si mnaona. Nikaketi chini karibu na binti yangu, nikavuta rinda, nikamwonyesha kovu.

"Mimi nilingojewa mbuzi," nikamwambia. "Wewe ndiye ulikuwa unaniletea uji kanisani. Unakumbuka?"

Akaligusa. "Nakumbuka. Mama, nishike niinuke."

Mama mkwe akasimama. "Ukitoka bila ruhusa ya mume wako..."

"Si umpigie?" binti yangu akasema, meno yanagongana. "Simu unayo mkononi. Ama ni ya mbuzi tu?"

Shemeji akatupisha mlangoni. Tukasimamisha gari barabarani, nikampakata kichwa mpaka mjini. Walimpima, wakasema ni malaria, wakamlaza, wakamtibu.

Mbuzi alipatikana, mweusi asiye na doa, tumbo jeupe. Binti yangu aliporudi alimkuta amefungwa uani. Wakamchinja, na hadi leo mama mkwe anaambia watu ni mbuzi huyo aliyemponya.

Mjukuu wangu sasa anatembea akishika ukuta. Watoto wote hubwabwaja, najua, lakini akibwabwaja peke yake pembeni, mimi huacha kazi nikasikiliza. Daktari anasema hakuna anayeweza kunihakikishia lolote. Sawa. Baba mdogo nikimkuta sokoni namwambia kitu kimoja: homa ya binti yangu haikungojewa mbuzi.